Shaaban Robert na Wasomaji wa Kanda ya Kati

Ikitajwa riwaya ya kifantasia leo, mawazo ya wengi hukimbilia Ulaya: Tolkien na pete yake, Rowling na shule yake ya wachawi. Ndiyo maana husemwa kwamba kumpenda mwandishi wa namna hiyo, na kukaa pamoja kumjadili, ni mtindo mpya uliotufikia kwa sinema na simu. Historia ya Kanda ya Kati haikubaliani na dai hilo. Mwandishi aliyeiwekea msingi fantasia katika nathari ya Kiswahili cha kisasa aliwahi kuishi Mpwapwa, mkoani Dodoma. Shaaban Robert alihamia huko mwaka 1944 akitoka kazi ya forodha Pangani, akatumikia idara ya utabibu wa mifugo hadi 1946, kisha akarudi Tanga. Miaka mitano baadaye ikatoka Kusadikika, na mwaka 1952 Adili na Nduguze. Kufikirika, ambayo muswada wake wahakiki huuweka katika miaka ya 1940, ilichapishwa 1967, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu 1962. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba vitabu hivi viliundwa ili vifurahiwe na kundi la watu, na kwamba watu wa Dodoma na jirani zake walikuwa na sababu zao za kuvipokea hivyo.

Tazama Kusadikika ilivyojengwa. Nchi yenyewe inaelea angani, lakini kitabu hakitumii kurasa zake kuielezea anga. Kinatuingiza katika kesi. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Maajabu yote yanapita katika kinywa cha mtu mmoja aliyezungukwa na wasikilizaji. Kwa hiyo anayekisoma anajikuta amekalishwa barazani: anapima hoja, anaona uchungu kwa ajili ya Buruhani na wajumbe wenzake, anaingoja hukumu. Kila kisa kina mwanzo na mwisho wake, na kitabu kizima ni chembamba, kiasi kwamba mtu mwenye sauti nzuri anaweza kuwasomea wenzake kisa kimoja kwa jioni moja na kuwaachia jambo la kubishania. Adili na Nduguze nayo inakwenda njia hiyohiyo. Adili analazimika kueleza mbele ya Mfalme Rai kwa nini kila usiku anawachapa manyani wawili, na maelezo hayo ndiyo yanayotupeleka kwa majini na kwenye mji wa watu waliogeuka mawe.

Sasa tuitazame nchi iliyopokea vitabu hivyo. Kwa sensa ya 1967, takribani theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma. Kampeni ya kisomo ikashusha idadi hiyo hadi asilimia 39 mwaka 1975, na asilimia 27 mwaka 1977. Ugogo wenyewe, yaani nchi ya Wagogo huko Dodoma, ulikuwa umepita katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, iliyowatoa watu katika tembe zilizotawanyika na kuwakusanya vijijini. Mahali ambapo wanaojua kusoma ni wachache na vitabu ni vichache zaidi, hadithi huwafikia wengi kwa masikio kabla haijawafikia kwa macho. Na wala kusikiliza pamoja hakukuwa jambo geni huko. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917, aliandika historia na mila za watu wake katika kitabu cha 1954, lakini sifa yake kubwa ni kuipa ngonjera umbo la kisasa: shairi la watu kujibizana mbele ya hadhira. Naona maana kubwa katika hilo. Mwandishi mashuhuri wa Dodoma alipotafuta umbo la kuwafikia wananchi, alichagua lile linalohitaji watu zaidi ya mmoja hata kabla halijaanza.

Atatokea wa kusema kwamba Shaaban Robert ni wa pwani, na kwamba miaka miwili ya ukarani haimfanyi kuwa wa bara. Ni kweli, na sidai kwamba Mpwapwa ilimzaa. Nadai kwamba kazi zake zinaeleweka bara bila mkalimani. Katika Kufikirika, mfalme na malkia hawana mtoto, na makundi ya waganga yanaitwa moja baada ya jingine. Baadaye mwana akiugua, inatakiwa kafara ya mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Ugogo ni nchi ambayo mtemi alibeba dhamana ya mvua, na ambayo njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, iliua watu wengi mno. Swali la mtawala afanye nini wataalamu wake wanaposhindwa, na nani alipe gharama, halikuwa la kubuni kwa wasomaji wa huko.

Pingamizi zito zaidi ni la shule. Kufikirika imo katika orodha ya vitabu vya kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wengi wanaisoma kwa sababu ya mtihani. Je, mapenzi ya kulazimishwa ni mapenzi? Nadhani swali hili linachanganya mlango na nyumba. Ratiba inaweza kumweka kijana mbele ya kitabu. Haiwezi kumfanya amtetee Utubusara wa Kufikirika dhidi ya mwenzake darasani, wala kumfanya akumbuke jina la Majivuno miaka ishirini baadaye kila anapomwona kiongozi anayechukia kusahihishwa. Wapo pia wanaosema vitabu hivi ni siasa zilizovikwa joho la njozi, maana viliandikwa chini ya ukoloni. Siasa zimo, bila shaka. Lakini mkoloni ameondoka tangu 1961 na vitabu vingali vinasomwa, na wanaovisoma sasa huanza na ile nchi isiyogusa ardhi, kisha ndipo wanapouliza Karama alikosa nini.