Kutoka Langa Langa hadi Osiri: mbio za pikipiki zilizokosa uwanja

Kenya iliwahi kuwa na uwanja wa mbio za kuzunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walowezi waliopenda magari walikutana Langa Langa, katika Bonde la Ufa, wakashindana mzunguko baada ya mzunguko kama ilivyokuwa desturi Ulaya. Masimulizi ya kuzaliwa kwa Safari Rally huanzia hapo. Neil Vincent alimrai jamaa yake, Eric Cecil, aje kushindana Langa Langa. Cecil akakataa: haoni kinachochosha kuliko kuzungukia kipande kilekile cha barabara. Yeye alitaka mtu afunge mlango wa gari, avuke nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika awe ndiye mshindi.

Mei 1953, wakati Uingereza ikijiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth II, matakwa yake yakatimia. Coronation Safari ilikata mbuga na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 ikaingia katika ubingwa wa dunia, ikaondolewa baada ya 2002, ikarejea Naivasha mwaka 2021. Hayo kila Mkenya anayajua. Kisichosemwa ni kwamba siku taifa lilipoipenda Safari, liliupa kisogo uwanja wa kuzunguka, na waliolipia ni vijana wa pikipiki.

Maana mbio za pikipiki za lami zinataka hasa kile kilichomchosha Cecil. Zinataka kona zilezile, asubuhi hadi jioni, mpaka mwili uzijue: wapi pa kufunga breki, wapi pa kulala na goti likikwaruza chini, wapi pa kufungua mafuta. Mchezo wa pikipiki nchini ulibaki zaidi kwenye motokrosi, Jamhuri Park jijini Nairobi, kwenye udongo na vilima vya kurukia. Ni mchezo mzuri na umetoa vijana hodari, lakini ni mchezo wa mzazi anayeweza kumnunulia mtoto wa miaka sita pikipiki yake, vifaa vyake na gari la kuibebea. Lami tuliwaachia matatu.

Osiri, huku Nyatike katika Kaunti ya Migori, pikipiki ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Hili ni eneo la dhahabu. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo watu wameendelea kuchimba kwa mikono yao. Enzi hizo pikipiki ilikuwa chombo cha mwenye cheo: bwana shamba, daktari wa mifugo, padri. Kijana wa kawaida alikuwa na baiskeli, na Nyanza nzima ilibebwa na ngware, zile baiskeli za abiria zenye kiti cha sponji nyuma. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisii 250. Ndani ya miaka michache ngware zikawekwa kando ya ukuta, na kila steji ikajaa Boxer na TVS.

Itazame vizuri Boxer ya kijana wa machimboni. Breki ya mbele ameilegeza kwa sababu kwenye kokoto humwangusha. Taa ya nyuma ilipasuka kitambo. Kiti kimefunikwa nailoni ili gunia la mawe ya dhahabu lisikichane. Kwa Boxer hiyohiyo atabeba mawe kwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, kisha madebe ya maji, kisha mama na watoto wawili kwa mtindo wa mshikaki, ingawa kanuni za mwaka 2015 zinaruhusu abiria mmoja tu. Injini hiyo ina nguvu za farasi 12 hivi. Kijana anaijua kwa sikio. Cheni ikilegea tu, anasikia kabla ya fundi.

Na mashindano? Yapo, ila hayana jina. Ukitaka kuyaona, ngoja siku maiti inaporudishwa nyumbani kutoka mochari. Waluo wana desturi ya tero buru, ya kukifukuza kifo kwa ng'ombe, mikuki, baragumu na mbio za vishindo. Ng'ombe bado wapo, lakini siku hizi pikipiki zimeingia msafarani. Huja kwa makumi, matawi mabichi yamechomekwa mbele, honi hazinyamazi, silensa zimefunguliwa. Mmoja anainua tairi la mbele na kwenda hivyo mpaka wazee waanze kupiga kelele. Mwingine amesimama juu ya kiti, mikono ameinyosha. Wasichana wanajua nani ndiye mkali, na steji nzima inajua. Hakuna anayepima muda, hakuna kikombe, na mara nyingi hakuna helmeti. Baadhi ya wanaosindikiza maiti hurudi wakisindikizwa wao. Tunawaita wahuni, tunasahau kwamba hiyo ndiyo hadhara pekee ambayo kijana huyu amewahi kupewa.

Linganisha na wenzao wa kusini. Gary Hocking alizaliwa Wales, akakulia Bulawayo, akajifunza mbio kwenye viwanja vya huko. Mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia wa madaraja mawili, sisii 350 na 500, akiwa juu ya pikipiki ya MV Agusta. Mwaka uliofuata rafiki yake Tom Phillis alikufa katika mashindano ya TT ya Kisiwa cha Man, na Hocking akaacha pikipiki akihofia maisha yake. Akahamia magari. Desemba 1962 gari lilimuua akiwa mazoezini Durban, na umri wake ulikuwa miaka 25.

Afrika Kusini iliandaa mbio za dunia za pikipiki Kyalami, kisha Welkom kuanzia 1999 hadi 2004. Huko Welkom ndiko Valentino Rossi alikoshinda mbio zake za kwanza na Yamaha. Brad Binder, mzaliwa wa Potchefstroom, alipelekwa Ulaya angali mdogo kushindana katika Red Bull Rookies Cup. Alitwaa ubingwa wa Moto3 mwaka 2016, akashinda mbio za MotoGP huko Brno mwaka 2020, na mwaka 2023 akafikia kasi ya kilomita 366.1 kwa saa huko Mugello, rekodi ya MotoGP wakati huo. Mwafrika huyo hana miguu ya ajabu kuliko kijana wa Osiri. Alikuwa na uwanja, na alikuwa na familia iliyomudu gharama.

Sisemi uwanja huondoa kifo. Mwaka 2021 pekee, Ulaya ilizika vijana watatu wa mbio: Jason Dupasquier wa miaka 19, Hugo Millán wa miaka 14 na Dean Berta Viñales wa miaka 15. Wote walikuwa na suti za ngozi na helmeti bora, na madaktari walikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Wakubwa wa mchezo walifanya jambo la busara: kuanzia 2023 umri wa chini wa kushindana ubingwa wa dunia ukapandishwa hadi miaka 18. Huku kwetu mtoto wa miaka 14 anabeba abiria sokoni na hakuna anayemuuliza, wakati hospitali za kaunti zina wodi ambazo watu wameshazibandika jina la bodaboda.

Silverstone, uwanja mashuhuri wa Uingereza, ulianza kama uwanja wa ndege za kivita. Vita vilipokwisha, wapenda mbio wakaugeuza kuwa uwanja wa mbio. Migori ina uwanja mdogo wa ndege wa Lichota, na Homa Bay ina Kabunde. Magavana wa kaunti hizi mbili wazungumze na mamlaka ya viwanja vya ndege ili vijana washindane humo, na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya lije na sheria zake na wasimamizi wake. Siku moja kwa mwezi yatosha kuanzia. Pikipiki ziwe hizihizi za kazini, breki zikaguliwe, wa chini ya miaka 18 wasiruhusiwe, kona ziwekewe marobota ya nyasi. Ambulensi iwepo kabla injini ya kwanza haijawashwa.