Muuguzi wa kiwango cha juu: Mipaka ya kazi yake, elimu anayohitaji na sheria inayomlinda mgonjwa

KATIKA Kisiwa cha Mombasa, kama ilivyo sehemu nyingi za Kenya, mgonjwa anayezidiwa usiku hukutana na muuguzi kabla ya kuonana na daktari. Ndivyo ilivyo katika wodi za Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo zamani ilijulikana kama Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani, na ndivyo ilivyo katika vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na vichochoro vya Mji wa Kale.

Swali ambalo mataifa mengi yamekuwa yakijaribu kulijibu kwa zaidi ya nusu karne ni hili: muuguzi huyo, akiwa amesoma na kubobea, aruhusiwe kufika wapi? Je, anaweza kumpima mgonjwa, kuutambua ugonjwa, kuagiza vipimo vya maabara na kuandika dawa kwa saini yake mwenyewe, au ni lazima angoje saini ya daktari?

Jibu hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha taaluma inayojulikana kama uuguzi wa kiwango cha juu.

Maana yake

Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoasisiwa mwaka 1899 na ambalo makao yake yako Geneva, Uswisi, lilitoa ufafanuzi wa taaluma hii mwaka 2002. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, muuguzi wa kiwango cha juu ni muuguzi aliyesajiliwa ambaye amepata maarifa ya kitaalamu, uwezo wa kutoa maamuzi magumu na ustadi wa kazi unaozidi ule wa muuguzi wa kawaida.

Mwaka 2020 baraza hilo lilitoa mwongozo mpya uliosisitiza kuwa kiwango cha chini cha elimu kiwe shahada ya uzamili. Mwongozo huo pia ulibainisha aina mbili kuu za wauguzi hao.

Aina ya kwanza ni muuguzi bingwa, ambaye hubobea katika nyanja moja kama vile saratani, figo au wagonjwa mahututi, na huwaongoza wauguzi wenzake kuinua ubora wa huduma. Aina ya pili ni muuguzi tabibu, ambaye humhudumia mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho: humpima, huutambua ugonjwa, humwandikia dawa na kumfuatilia.

Nchini Marekani huongezwa aina mbili zaidi, yaani mkunga aliyesomea uuguzi na muuguzi wa nusukaputi, anayemlaza mgonjwa usingizi wakati wa upasuaji.

Chimbuko

Taaluma ya muuguzi tabibu ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Waanzilishi wake walikuwa muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Watoto wa familia maskini na wa mashambani hawakuwa na madaktari wa kutosha, na wawili hao waliona kuwa muuguzi aliyeongezewa mafunzo angeweza kuliziba pengo hilo. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104.

Sheria hazikwenda kwa kasi ya taaluma. Kila jimbo la Marekani lina kanuni zake, na ingawa zaidi ya nusu ya majimbo 50 yamempa muuguzi tabibu uhuru kamili wa kufanya kazi, mengine yangali yanamtaka awe chini ya daktari au awe na mkataba naye. Mwaka 2008 vyama na mabodi ya wauguzi yalikubaliana juu ya mfumo mmoja unaounganisha mambo manne: leseni, ithibati ya vyuo, mtihani wa umahiri na elimu.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Mwaka 2006 wauguzi waliofuzu mafunzo maalumu ya kuandika dawa waliruhusiwa kuandika karibu dawa zote zilizo katika orodha ya kitaifa, hatua iliyoipeleka nchi hiyo mbele ya nyingi duniani. Hata hivyo, jina la muuguzi wa kiwango cha juu halikupewa ulinzi wa kisheria, na kwa muda mrefu lilitumiwa na watu wenye viwango tofauti vya elimu.

Australia ilianza kwa kulilinda jina. Wauguzi tabibu wa kwanza waliidhinishwa katika jimbo la New South Wales mwaka 2000, na asiyeidhinishwa haruhusiwi kujiita hivyo. Uholanzi nayo ililinda jina la muuguzi bingwa kisheria mwaka 2009. Kanada ilianza mapema, katika miaka ya 1960, kisha mpango ukafifia kabla ya kufufuliwa miaka ya 1990.

Hali ya Afrika

Barani Afrika, Botswana ndiyo iliyotangulia. Katika miaka ya 1980 ilianza kuwafunza wauguzi wa familia mjini Gaborone ili wawahudumie wananchi walio mbali na hospitali kubwa.

Nchini Afrika Kusini, sheria ya uuguzi ya mwaka 2005 ina kifungu kinachowezesha muuguzi aliyeidhinishwa kupima, kutambua ugonjwa na kutoa dawa katika kliniki za umma. Kuanzia mwaka 2010, wauguzi wa nchi hiyo walianza kuwaanzishia wagonjwa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, jambo lililowezesha matibabu hayo kufika vijijini.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni wa Uganda. Mwaka 2004 serikali yake ilibadilisha kanuni na kuwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliohitimu kozi ya miezi tisa ya tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwapa wauguzi mamlaka hayo. Kazi hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na juhudi za Hospice Africa Uganda, shirika lililoanzishwa mwaka 1993 na Dkt Anne Merriman.

Uzito wa uamuzi huo hueleweka vyema na familia yoyote iliyowahi kumuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani. Katika Mji wa Kale, ambako gari haliwezi kupita katika vichochoro vingi na ngazi za nyumba za ghorofa ni nyembamba na kali, mgonjwa wa aina hiyo hawezi kupelekwa hospitalini kila chupa ya dawa inapokwisha. Anayemfikia ni muuguzi. Ikiwa muuguzi huyo hana ruhusa ya kuandika dawa, safari yake humfariji mgonjwa lakini haiondoi maumivu.

Kenya na ngazi zake

Nchini Kenya, taaluma husimamiwa na Baraza la Uuguzi la Kenya, chini ya Sura ya 257 ya sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Baraza hilo ndilo huidhinisha vyuo, huendesha mitihani, huweka daftari la waliosajiliwa na kutoa leseni, ikiwa ni pamoja na leseni kwa wauguzi wanaotaka kufungua kliniki zao binafsi.

Ngazi za elimu ni kadhaa. Chini kabisa kuna cheti, kisha diploma, ambayo ndiyo njia ya wauguzi wengi, na juu yake kuna shahada ya kwanza. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1927, kina tawi lake mjini Mombasa. Katika kaunti jirani ya Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani hutoa shahada ya uuguzi.

Baada ya hapo huja stashahada ya juu, inayomwezesha muuguzi mwenye uzoefu kubobea katika nyanja kama vile wagonjwa mahututi, figo, macho au chumba cha upasuaji. Hospitali ya AIC Kijabe nayo ilianza katika miaka ya 2000 kuwafunza wauguzi wa nusukaputi, kwa sababu madaktari wa fani hiyo walikuwa wachache mno nje ya miji mikubwa. Vyuo vikuu kadhaa hutoa shahada ya uzamili.

Kwa hiyo ujuzi upo. Lililo gumu ni kuoanisha ujuzi huo na mamlaka, cheo na mshahara. Sheria ya Sura ya 257 ilijengwa juu ya usajili wa wauguzi na wakunga kwa jumla, haikujengwa juu ya dhana ya muuguzi tabibu kama ilivyo Australia. Matokeo yake ni kwamba muuguzi anaweza kurejea kutoka masomoni akiwa na shahada ya uzamili na kupangiwa zamu ileile aliyoiacha.

Kuna sababu nyingine ambayo haipatikani Marekani wala Uingereza kwa uzito uleule. Kenya kwa miaka mingi imekuwa na maafisa wa kliniki, ambao hupima wagonjwa, hutambua maradhi na kuandika dawa bila kuwa madaktari. Wana baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1988 na ambalo sheria yake iliandikwa upya mwaka 2017. Nafasi ambayo kwingineko ilijazwa na muuguzi tabibu, hapa tayari ina mwenyewe.

Ndiyo maana kila pendekezo la kumwongezea muuguzi mamlaka huzua mjadala kati ya taaluma. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilipotoa sera ya kugawana majukumu miongoni mwa wahudumu wa afya, baadhi ya wanataaluma wa maabara waliipinga mahakamani wakisema kazi yao ingetwaliwa na wasioisomea.

Kumbukumbu za kisiwa

Mombasa si ngeni kwa uuguzi. Hospitali ya Mombasa, iliyo karibu na Fort Jesus, historia yake inaanzia mwaka 1891. Jina la Lady Grigg, mke wa Edward Grigg aliyekuwa gavana wa Kenya kati ya 1925 na 1930, lilipewa nyumba ya uzazi iliyokuwa miongoni mwa zile zilizoanzishwa na chama chake cha ustawi wa akina mama na watoto.

Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, uzazi katika mitaa kama Kibokoni na Kuze ulikuwa mikononi mwa wakunga wa jadi. Kwa Waislamu wa pwani, heshima ya kazi ya kuuguza ina mizizi ya kale zaidi, kwani historia ya Kiislamu humtaja Rufaida al-Aslamiya, aliyewatibu majeruhi katika hema lake mjini Madina zama za Mtume.

Leo mahitaji ya kisiwa yamebadilika. Kisukari na shinikizo la damu humtaka mgonjwa afuatiliwe kwa miaka, wala si kutibiwa mara moja. Heroini imewaathiri vijana wengi wa Mji wa Kale, na mashirika kama Reachout Centre Trust yamekuwa yakiwahudumia. Tiba ya methadoni, iliyoanza nchini mwishoni mwa mwaka 2014, humlazimu mgonjwa kufika kituoni kila siku. Tiba shufaa nayo hutolewa na Coast Hospice. Kazi zote hizi huhitaji mtu anayemjua mgonjwa kwa karibu na kwa muda mrefu, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi.

Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, kaunti ndizo huajiri na kuwapandisha vyeo wauguzi. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulionyesha jinsi vituo vya umma vinavyokwama wanapokosekana. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi Wakenya kufanya kazi Uingereza. Anayevuka bahari huenda akakuta huko ngazi ambayo nyumbani haijajengwa.

Ushahidi na tahadhari

Wanaounga mkono uuguzi wa kiwango cha juu wana ushahidi. Uchambuzi wa majaribio 18 uliochapishwa na Cochrane mwaka 2018 ulibaini kuwa wagonjwa waliohudumiwa na wauguzi waliofunzwa katika huduma za msingi walipata matokeo yanayolingana na ya waliohudumiwa na madaktari, au bora kidogo, na waliridhika zaidi. Wauguzi walitumia muda mrefu zaidi na kila mgonjwa.

Hata hivyo, karibu majaribio yote hayo yalifanyika katika nchi tajiri. Huko muuguzi ana maabara inayofanya kazi, dawa kabatini na daktari wa kupigiwa simu. Kumpa muuguzi mamlaka bila vitu hivyo ni kumtwika lawama.

Wanaopinga nao wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wanasema serikali inaweza kumtumia muuguzi kama njia rahisi ya kukwepa kuajiri madaktari, na kwamba maskini ndiye atakayepewa huduma ya bei nafuu ilhali mwenye uwezo akimwona bingwa.

Ni kwa sababu hiyo sheria huwa muhimu kuliko cheo chenyewe. Nchi zilizofaulu zimeyaweka wazi mambo manne: jina ambalo asiyefuzu haruhusiwi kulitumia, elimu inayojulikana, orodha ya kazi na dawa zinazoruhusiwa, na chombo cha kumwajibisha anayekosea. Pale ambapo moja kati ya hayo limekosekana, ama muuguzi amebaki na ujuzi usiotumika, ama mgonjwa amebaki bila pa kulalamika.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025, ulimwengu ulikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na upungufu wa milioni 5.8. Ripoti hiyo ilieleza kuwa asilimia 62 ya nchi zilizotoa takwimu zina majukumu ya uuguzi wa kiwango cha juu, kutoka asilimia 53 katika ripoti ya mwaka 2020.

Kwa mkazi wa Mombasa, hatua ya kwanza haihitaji kungoja sheria mpya. Ana haki ya kumuuliza anayemhudumia jina lake, kiwango chake cha mafunzo na leseni yake, na kuthibitisha majibu hayo katika daftari la Baraza la Uuguzi. Muuguzi aliyefuzu hawezi kuudhiwa na swali hilo, kwani daftari hilo humlinda yeye pia.