Utani wa Kompyuta Iliyoachwa Wazi

Jamani, juzi nimeinunulia ofisi nzima chai na chapati. Sikupenda! Nilitoka nje kupokea simu, kompyuta nikaiacha wazi. Kurudi nikakuta barua pepe imeshakwenda kwa wote kwa jina langu: "Leo chai ni juu yangu." Watu wamejipanga mlangoni, wanacheka.

Nililipa. Mtu aliyekulia Namasakata, kule Ruvuma, atakasirikaje? Huo ni utani, na utani una umri mkubwa kuliko kompyuta. Makabila mengi yaliyopigana zamani yaliishia kuwa watani, R. E. Moreau aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Mtani anakamata kuku wako ukimwona, nawe unacheka. Lakini ndiye pia anayekwambia kosa lako ambalo ndugu anaona haya kulitaja.

Kompyuta zilikuja baadaye. Ya kwanza serikalini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Enzi hizo mashine ilikaa kwenye chumba chake, ukifunga mlango umemaliza. Leo kila mtu ana yake mezani, na mlango ni wewe mwenyewe. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, kuufunga ni kubonyeza vitufe viwili tu: chenye nembo ya Windows, pamoja na L.

Kilichonitoa jasho si bei ya chapati. Ndani ya barua pepe zangu kulikuwa na ujumbe wa mkulima wa korosho wa kwetu, aliyenieleza mambo mazito kwa sharti kwamba nisimtaje. Mwenzangu hakuufungua. Mtani anachukua kuku, hapekui sanduku la nguo, na alichofanya anakifanya mchana kweupe.

Asiye mtani angepekua kimya kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye kompyuta ya mtu kinyume cha sheria, lakini jina la mkulima likishavuja, hakuna hakimu wa kulirudisha.

Haya, wewe unayesoma hapa ukiwa kazini: ukiinuka, funga. Mimi nimefundishwa kwa chai, na ninashukuru. Mkulima yule hajui hata kwamba aliponea chupuchupu.