Kompany: Mwana wa mkimbizi aliyegeuka kocha

Vincent Kompany, aliyezaliwa mwaka 1986, alikulia katika mitaa iliyo jirani na kituo cha treni cha Gare du Nord, mjini Brussels. Babake, Pierre, mzaliwa wa Bukavu, aliingia Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi aliyeukimbia utawala wa Mobutu.

Akiwa na umri wa miaka 17 Vincent alianza kuichezea Anderlecht. Akapitia Hamburg, kisha Manchester City, ambako alitwaa ubingwa wa England mara nne.

Mwaka 2019 alirejea Anderlecht akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, mzigo uliomwelemea. Mwaka uliofuata alitundika viatu, akabaki kocha.

Aliipandisha Burnley daraja mwaka 2023, lakini ikashuka mwaka 2024. Wengi walistaajabu Bayern Munich ilipomwajiri siku chache baadaye. Jibu lilipatikana mwaka 2025: Bayern iliurejesha ubingwa wa Ujerumani.

Kwa familia hiyo haukuwa ushindi wa kwanza. Mwaka 2018 mkimbizi yule wa Bukavu alichaguliwa meya wa Ganshoren, meya wa kwanza mweusi nchini Ubelgiji.