Miti saba ya Kamukunji: kwa nini kikundi chetu kilikufa na cha Wangari kikaishi

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza likizo ya kupanda miti. Mnakumbuka. Kikundi chetu cha mtaani kilijitokeza, tulikuwa kama watu thelathini, fulana mpya za kijani, miche 200 ya kupewa na mse mmoja wa kamera. Tukachimba, tukapanda, tukapiga picha. Kufikia jioni kila mtu alikuwa ameshaweka yake mtandaoni, na manze tulijiskia poa sana.

Februari nikapita pale nikienda kutafuta viatu vya mitumba. Miche iliyokuwa hai niliihesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka tu, mingine ilikuwa imefunikwa na takataka. Nikauliza kwa grupu yetu ya WhatsApp: "Kwani nani alikuwa anamwagilia?" Kimya. Baadaye mwenyekiti akajibu: "Si tulisema tutapanga zamu?" Ni kweli tulisema. Hatukupanga. Na kikundi chenyewe hakikumaliza mwaka.

Hiyo kitu ilinikaa kichwani. Hatukukosa miche wala nguvu, na nia tulikuwa nayo. Sasa tulikosa nini? Nikaamua kurudi kwa historia ya mtu mmoja ambaye sote tulifundishwa jina lake shuleni, tukaandika kwa mtihani, tukasahau: Wangari Maathai. Tunamjua kama mama wa miti na wa Tuzo ya Nobel. Lakini ukisoma hadithi yake kama ya mtu aliyejenga shirika, kuna mambo pale hatukuambiwa darasani.

Jaribio la kwanza lilikufa

Wangari alizaliwa mwaka wa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Alisomea Marekani, akarudi, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya uzamifu kutoka chuo cha Nairobi. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Kwa hivyo tunazungumzia mtu mwenye akili na vyeti.

Na bado mradi wake wa kwanza ulianguka. Miaka ya katikati ya 70 alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare. Wazo lilikuwa tamu: watu wasio na kazi mjini wapate kibarua cha kupanda miti na kutunza mashamba ya wenye nazo. Alikuwa na kitalu cha miche na ari tele. Pesa zikakatika, miche ikakosa wa kuiangalia, na kampuni ikafa.

Nilipofika hapo nilicheka kidogo, kwa sababu hiyo ni sisi kabisa. Wazo lilitoka kwa mtu mmoja, likasimama kwa mgongo wa mtu mmoja, na mgongo ulipochoka likaanguka nao. Tofauti ni kile alichofanya baadaye. Hakubadilisha mti. Alibadilisha mahali wazo linakaa.

Alilipeleka kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wakatembea kutoka jumba la KICC hadi uwanja wa Kamukunji. Ndiyo, Kamukunji hiyo hiyo ambayo miaka 13 baadaye ingekuwa uwanja wa Saba Saba. Wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi wa zamani kutoka jamii tofauti za Kenya. Mradi ukaitwa Okoa Ardhi Harambee. Hapo ndipo Green Belt Movement ilipozaliwa.

Angalia hilo jina. Hakutumia lugha ya mikutano ya mazingira. Alichukua neno ambalo kila Mkenya alikuwa amelitolea jasho, kwa kujenga shule, zahanati na matangi ya maji. Mwanakijiji hakuhitaji kufundishwa harambee ni nini.

Malipo ni kwa mti ulio hai

Wanawake wa vijijini walikuwa wanalia shida za kawaida tu: kuni ziko mbali, maji yamechafuka, chakula hakitoshi, na hela ya mkononi hakuna. Hakuna aliyekuja akisema anataka kuokoa tabianchi. Wangari alisikiliza, akaona kwamba hizo shida zote zinapita kwa mti.

Wataalamu wa misitu walipinga. Kwao, kupanda miti ni kazi ya aliyesomea. Wangari naye, msomi kuliko wengi wao, akawaambia akina mama watumie akili zao za shambani. Hawa ni watu wamepanda mahindi na maharagwe maisha yao yote, mbegu ya mti itawashinda kwa nini? Wakaanzisha vitalu kwa vifaa vilivyokuwa karibu, wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakajifunza kwa kukosea. Baadaye wakajulikana kama wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Sasa soma hii polepole, maana ndiyo ilinivunja roho: kikundi kililipwa pesa kidogo sana, senti chache za dola, kwa kila mche. Lakini hawakulipwa siku ya kupanda. Walilipwa baada ya kuonekana kwamba mche umeshika na uko hai.

Fikiria hiyo inafanya nini kwa tabia ya watu. Ukilipwa kwa kupanda, utapanda mingi na kwenda nyumbani. Ukilipwa kwa mti ulio hai, utajenga ua wa miiba kuzuia mbuzi, utamwambia mtoto amwagilie akitoka shule, utamgombeza jirani akifungulia ng'ombe. Hakuna hotuba inayoweza kufanya kazi hiyo.

Sisi tulilipwa siku ya kupanda. Malipo yetu yalikuwa picha.

Na si sisi peke yetu. Siku ile ya 2023 lengo la taifa lilikuwa miti milioni 100 kwa siku moja, na lengo kubwa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Mimi sipingi kupanda. Ninachouliza ni kwa nini habari huwa ni ngapi imepandwa, na mwaka mmoja baadaye hakuna likizo ya kwenda kuhesabu ngapi ilipona. Shirika au serikali hukuwa katika kile inachohesabu.

Utamaduni una pande mbili

Watu wakisema utamaduni, wengi huwaza ngoma na shanga. Mimi naongelea ile desturi ambayo kikundi hufuata bila kuagizwa. Na kwa hadithi ya Wangari, utamaduni ulimsaidia na ulimpiga.

Ulimsaidia hivi. Alipokuwa msichana mdogo akitumwa kuni, mama yake alimwonya asiguse mti wa mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo kulikuwa na chemchemi ya maji safi. Miaka ilipita, na aliporudi kutoka masomoni akakuta mugumo umekatwa na chemchemi imekauka. Akiwa mwanasayansi sasa, akaelewa kwamba mizizi ya ule mti ilishika udongo na kuyapandisha maji ya chini. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na mwiko, na ule mwiko ulifanya kazi ambayo leo tunaiandikia sera kurasa mia.

Halafu ukampiga. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Wangari akaandika barua kwa kila ofisi iliyomjia akilini. Bungeni wakamkejeli, ati shirika lake ni kundi la wanawake walioachika. Rais Moi naye akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anayejiheshimu huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Yaani ule utamaduni uliolinda mugumo, sasa umegeuzwa rungu la kumnyamazisha anayelinda bustani.

Shirika likafukuzwa kutoka ofisi za serikali ilizokuwa likitumia, likapewa muda mfupi mno wa kuhama. Wangari akahamishia kila kitu nyumbani kwake South C, karatasi, meza na wafanyakazi.

Hapa ndipo vikundi vyetu vingi vingekufa. Ofisi imeenda, jina limechafuliwa, serikali yote iko juu yako. Lakini Green Belt haikufa, na nadhani sababu ni rahisi: haikuwa inaishi ofisini. Vitalu vilikuwa kwa vijiji, mikononi mwa akina mama waliokuwa na miche yao na hesabu yao. Huwezi kumfukuza mtu kutoka shamba lake kwa barua ya kuhamisha dawati. Wafadhili wa mnara wakarudi nyuma, mnara haukujengwa, na leo ukienda Uhuru Park kupumzika unakalia nyasi ambayo ingekuwa maegesho ya magari.

Umepanda basi gani?

Kuna kitu kingine kilinichoma. Katika semina za Green Belt, watu waliulizwa wataje shida zao. Orodha ilikuwa inajaa. Wakiulizwa zimeletwa na nani, jibu karibu kila mara lilikuwa moja: serikali.

Wangari alikuwa anajua serikali ina makosa, yeye mwenyewe imemkamata mara kadhaa. Lakini aliwapa mfano wa msafiri aliyepanda basi isiyo yake. Inawezekanaje? Labda hakuuliza. Labda alidanganywa. Labda alikuwa amelewa, au aliogopa kuonekana mshamba. Leo tungesema hivi: unaenda Rongai, unajikuta umepita Roysambu. Makanga alikudanganya, sawa. Lakini pia wewe hukuuliza, na sasa umekaa tu kwa dirisha unalalamika kwa nini hatufiki Rongai.

Huo ndio uongozi niliokuwa sijauona. Kiongozi wa kawaida angepokea ile lawama kwa serikali, kwa sababu inamfanya yeye shujaa. Wangari aliwarudishia watu sehemu yao ya kosa, na pamoja nayo sehemu yao ya nguvu.

Alipoondoka

Mwishoni mwa miaka ya 90 msitu wa Karura ulianza kugawiwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Januari 1999 Wangari na wenzake walikwenda kupanda miti wakashambuliwa, akapasuliwa kichwa. Leo Karura, takriban hekta 1,000, bado ipo, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli mle. Lakini msitu haukuachiwa kusimama kwa ushujaa peke yake. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungulia jamii mlango wa kuunda vyama vya kutunza misitu pamoja na serikali. Mapambano yakageuka kuwa utaratibu.

Oktoba 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wakati huo shirika lilihesabu miti zaidi ya milioni 30. Alipopata habari, alipanda mti palepale Nyeri. Alifariki 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asizikwe kwa jeneza la mbao, kwa hivyo lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili ukachomwa Kariokor. Hata kifoni hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Sitaki kumfanya malaika. Shirika lililobeba uso wa mtu mmoja kwa miaka zaidi ya 30 lina mzigo wake: wafadhili wanamjua yeye, magazeti yanamtafuta yeye, na akiondoka lazima watu wajifunze upya kusimama. Hilo ni fundisho pia. Mwanzilishi mkubwa ni baraka, na ni hatari. Kilichookoa Green Belt, inayoendelea mpaka leo, ni kwamba desturi yake ilikuwa mikononi mwa wengi kabla yeye hajaondoka.

Turudi kwa ule uwanja wetu

Tuliobaki tulikuwa saba. Hatukupanga hivyo, ilitokea tu. Tulirudi pale na miche 20, bila fulana na bila kamera. Tulimwomba mama anayeuza mboga karibu na hapo atushauri, akatuambia ile miti ya kwanza tulipanda mahali maji hutuama, na tena tulichagua miti ambayo mbuzi wanaipenda. Hatukuwa tumemuuliza hata siku moja. Tukampa yeye funguo za pipa la maji.

Kila mche una mtu wake, jina limeandikwa kwa kipande cha mkebe. Kila mwisho wa mwezi tunahesabu iliyo hai, na asiyekuja kuhesabu anachangia maji. Kiongozi wa zamu anabadilika kila miezi mitatu, akiwemo yule kijana mkimya ambaye mara ya kwanza alikuwa wa kubeba majembe tu.

Mara ya mwisho tulihesabu 17. Mmoja ulikanyagwa na pikipiki, miwili ilikauka, na mmoja kati ya hiyo miwili ulikuwa wangu. Nilichangia maji.

Kwa hivyo nakuuliza wewe uliye kwa chama, klabu ya chuo, kikundi cha kanisa au msikiti, au biashara ya marafiki wanne: nyinyi mnahesabu nini? Na mwenyekiti wenu akizima simu wiki mbili, nani atamwagilia?