Kijiji Kilichohama na Lugha Yake

Aprili 1935, familia za kwanza kutoka Connemara, pwani ya magharibi ya Ayalandi, ziliwasili Ráth Chairn, katika kaunti ya Meath, karibu kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Dublin. Mwaka huo zilihamia familia 27. Kila moja ilipewa nyumba mpya, shamba la ekari zipatazo 22, mifugo na zana za kilimo. Hazikuvuka mpaka wa nchi yoyote, lakini wenyeji waliwatazama kama wageni. Wahamiaji hawa walizungumza Kiayalandi, lugha ambayo wakulima wa Meath walikuwa wameiacha vizazi kadhaa nyuma.

Inakuwaje mtu awe mgeni katika nchi yake kwa sababu anazungumza lugha ya nchi hiyo?

Jibu linaanzia karne ya 17. Baada ya majeshi ya Oliver Cromwell kuishinda Ayalandi, Wakatoliki wenye ardhi katika sehemu nyingi za nchi walinyang'anywa mashamba yao na kuamriwa wahamie ng'ambo ya mto Shannon, upande wa magharibi. Tambarare zenye rutuba, Meath ikiwamo, zikaangukia mikononi mwa mabwanyenye wapya. Magharibi kulibaki mawe na mvua. Huko Connemara watu walibeba mchanga na mwani migongoni, wakautandaza juu ya miamba ili wapate udongo wa kupandia viazi.

Mwaka 1831 Waingereza walianzisha shule za taifa zilizofundisha kwa Kiingereza. Katika sehemu nyingi mtoto alivishwa kijiti shingoni, na kila alipoteleza akasema neno la Kiayalandi, kijiti kilichanjwa alama. Jioni alama zilihesabiwa, na fimbo zikafuata idadi yake. Kisha ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Walioumia zaidi walikuwa maskini wa magharibi, yaani wazungumzaji wenyewe wa lugha hiyo. Mzazi aliyebaki alijua kwamba mwanawe angeishia Boston au Liverpool, na huko kilichohitajika ni Kiingereza.

Nchi ilipojitawala mwaka 1922, serikali iliipa lugha heshima kubwa. Iliandikwa kwenye katiba na kufundishwa shuleni. Lakini heshima hailiwi. Watu wa Connemara waliendelea kuondoka, huku mashamba makubwa ya Meath yakilisha ng'ombe.

Hapo ndipo alipojitokeza mwalimu kijana aitwaye Máirtín Ó Cadhain, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa riwaya kwa Kiayalandi. Yeye na wenzake katika chama cha Muintir na Gaeltachta walikuwa na hoja moja: lugha haiwezi kuishi ikiwa wanaoizungumza hawana pa kulima. Mwaka 1934 kundi lao liliendesha baiskeli kutoka Connemara hadi Dublin kuieleza serikali ya Éamon de Valera hoja hiyo. Tume ya Ardhi ilikuwa tayari ikinunua na kugawa mashamba makubwa. Ikakubali kuwagawia na wao. Vishamba walivyoacha Connemara viliongezwa kwenye mashamba ya majirani waliobaki.

Meath haikuwapokea kwa vigelegele. Vibarua wa hapo nao hawakuwa na ardhi, na walikuwa wameyangojea mashamba hayohayo kwa miaka. Kinyongo chao kilikuwa na msingi. Baadhi ya wahamiaji nao hawakuizoea nchi isiyo na bahari, wakarudi walikotoka.

Lakini kijiji kilishika mizizi. Sababu yake inaonekana vizuri zaidi tukikilinganisha na Baile Ghib, kijiji kingine cha aina hiyo kilichoanzishwa Meath mwaka 1937. Huko zililetwa familia kutoka kaunti mbalimbali, kila moja na lahaja yake, na Kiingereza kikapata upenyo kati yao. Waliokuja Ráth Chairn walitoka sehemu moja. Walihama na majirani, utani na nyimbo zao. Darach Ó Catháin, mmoja wa waimbaji mashuhuri wa sean-nós, uimbaji wa kale usio na ala, alifika hapo akiwa mtoto na kukulia hapo. Hata yeye, alipokuwa mtu mzima, alikwenda kutafuta kazi Leeds, Uingereza. Ekari 22 hazikuweza kugawanywa kwa watoto wote wa nyumba.

Mwaka 1956 serikali ilipochora upya mipaka ya Gaeltacht, maeneo yanayotambuliwa kisheria kuwa ya wazungumzaji wa Kiayalandi, Ráth Chairn haikuwamo. Serikali iliyokipanda kijiji ilikisahau. Wanakijiji walidai haki yao hadi wakatambuliwa mwaka 1967, miaka 32 baada ya kufika. Mwaka 1973 waliunda chama cha ushirika kilichosukuma maendeleo ya kijiji. Leo mtoto wa Ráth Chairn anaweza kusoma kwa Kiayalandi kuanzia shule ya msingi hadi sekondari bila kuondoka kijijini.

Kiingereza bado kimewazunguka pande zote: sokoni, kazini, kwenye simu. Vijana huoa na kuolewa nje, na katika kila nyumba mpya wazazi wawili lazima waamue mtoto ataitwa kula kwa lugha gani. Uamuzi huo hakuna tume iwezayo kuwafanyia. Ardhi iliyotolewa mwaka 1935 iliwapa tu nafasi ya kuufanya wenyewe, na watu wa Connemara walikuwa wamenyimwa nafasi hiyo kwa karibu miaka 300.