Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Kitabu chekundu cha Michelin, kile ambacho watalii wengi bado wanakifuata wakitafuta pa kula Ufaransa, hakikuanzishwa na wapishi. Kilianzishwa na wauza matairi. Mwaka 1900 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, wenye kiwanda chao mjini Clermont-Ferrand, walichapa nakala kama 35,000 na kuzigawa bure. Wakati huo magari ya Ufaransa nzima hayakufika 3,000. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mtu akijua kwamba huko mbele kuna petroli, kuna fundi, kuna kitanda na chakula, atatoka nyumbani. Akitoka, tairi litaisha. Likiisha, atanunua lingine. Chakula kilikuja baadaye. Nyota ya mgahawa ilianza 1926, na miaka ya 1930 zikafika tatu. Nyota moja, panafaa kula. Mbili, inafaa uache njia yako kidogo ufike hapo. Tatu, funga safari nzima kwa ajili ya hiyo sahani peke yake. Yaani mtu anatembea kilomita mia nne akale kuku! Sisi tunaotembea kwenda kupanga mstari wa posho tumeelewa nusu ya hiyo habari.

Nilianza kusoma mambo haya kwa sababu ya vijana. Katika kikundi chetu hapa Nakivale huwa tunapanga safari za kwenye karatasi: unachagua nchi, unaandika utaona nini, utakula nini, utafunga nini kwenye valizi. Kundi moja, wengi wao waliosoma Kifaransa Congo kabla ya kukimbia, lilichagua Ufaransa kwa majira ya machipuko, kuanzia Aprili hadi Juni, baridi ikiwa imepungua na miti imetoa majani. Paris kwanza, jumba la Louvre. Halafu ngome za wafalme karibu na mto Loire, Chambord ikiwa mojawapo. Halafu kushuka kusini mpaka bahari. Mizigo: sweta, mwavuli kwa sababu mvua ya Aprili haipigi hodi, viatu vya kutembea. Mpango mzuri. Mtu mzima mmoja aliyepita akasema, "Nyinyi wakimbizi, mambo ya utalii yanawahusu nini?" Hakuna aliyemjibu, maana ni mkubwa. Mimi nataka kumjibu kwa historia, kwa heshima.

Kwanza, hata Wafaransa wenyewe, wengi hawakuwa na utalii. Mfanyakazi wa kiwandani akiacha kazi wiki moja alikuwa amejinyima mshahara wa wiki moja, basi. Katika machipuko ya 1936 muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ulishinda uchaguzi, na wafanyakazi wakagoma nchi nzima, wengine wakilala ndani ya viwanda. Tarehe 20 Juni 1936, chini ya serikali ya Léon Blum, ikapita sheria ya likizo yenye malipo: siku 15 kwa mwaka. Neno lao ni lile lile tulilolichukua sisi Wakongomani tukasema konje. Kijana mmoja wa serikali hiyo, Léo Lagrange, aliyeshughulikia michezo na mapumziko, akazibana kampuni za reli mpaka ikatoka tiketi iliyopunguzwa asilimia 40. Ilikuwa tiketi ya kwenda na kurudi. Mwaka huo wa kwanza walioitumia walizidi 500,000. Wengi walikwenda tu kwa ndugu zao vijijini, lakini wapo walioiona bahari kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima wenye watoto.

Miaka minne baadaye, machipuko tena. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalishambulia, na watu wa Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa wakaingia barabarani, kisha Paris yenyewe ikawafuata. Wanahistoria wanakadiria watu kama milioni 8. Walielekea kusini, wakivuka mto Loire, kwa barabara zile zile zilizochorwa kwa ajili ya wenye konje. Waliokuwa na gari walifunga godoro juu yake. Vijana waliposikia hapo walicheka kwa sauti, kwa sababu kila mmoja anamjua mama aliyekimbia na matela kichwani. Wengine walisukuma mikokoteni, baiskeli, vigari vya watoto vilivyojaa masufuria. Wengine walibeba ndege wa nyumbani ndani ya tundu lake. Petroli ilikwisha na magari yakaachwa kando. Ndege za vita zilipiga misafara. Wapo wanavijiji waliowapa wapita njia supu, na wapo waliowauzia maji ya kunywa. Msalaba Mwekundu ulikadiria watoto 90,000 waliopotezana na wazazi wao, na magazeti yalijaa matangazo ya mama anayemtafuta mwana.

Serikali nayo ilikimbia, ikaacha Paris tarehe 10 Juni. Siku moja kabla, Léo Lagrange, yule wa tiketi, aliuawa vitani huko Évergnicourt. Alikuwa na miaka 39.

Kuna aliyesafiri vizuri zaidi kuliko hao wote: ile picha ya Mona Lisa. Wakuu wa Louvre walikuwa wameandaa orodha na masanduku mapema, na mwisho wa Agosti 1939, hata kabla vita haijatangazwa, picha ilitoka Paris ikapelekwa Chambord, ngome ile ile ambayo vijana wameiandika kwenye mpango wao. Ilihamishwa tena na tena. Juni 1940, katikati ya wimbi lile la watu, ilifika kwenye abasia ya Loc-Dieu kusini. Ilirudi Louvre 1945. Sisemi walikosea kuiokoa, nami ningeiokoa. Ila picha ilikuwa na mpango wa safari, na mtoto wa barabarani hakuwa nao.

Na kitabu cha Michelin? Mwaka 1944 Wamarekani walikichapa upya Washington, toleo la 1939, kwa ajili ya askari wa kutua Normandy, kwa sababu kilikuwa na ramani nzuri za miji na vibao vingi vya barabarani vilikuwa vimeng'olewa.

Bado kuna ile bahari ya kusini ambako mpango wa vijana unaishia. Walichagua mji wa Argelès-sur-Mer, karibu na mpaka wa Hispania, kwa kuwa ni mji wa watalii wenye viwanja vingi vya kupiga mahema. Februari 1939, Barcelona ilipokuwa imeanguka mikononi mwa Franco, Wahispania karibu nusu milioni walivuka mpaka huo ndani ya baridi. Wengi waliwekwa kwenye mchanga wa Argelès, umezungushiwa nyaya za miiba. Mwanzoni hapakuwa na mabanda. Walichimba mashimo mchangani wajikinge na upepo. Ni ufukwe ule ule ambao leo watu wanalipa ili kulala kwenye hema.

Kwa hiyo, mzee wangu, utalii unatuhusu hivi: mwenye konje na mkimbizi wanatofautishwa na nusu ya pili ya tiketi. Hata Mkataba wa Geneva wa 1951 unalijua hilo. Kifungu cha 28 kinasema juu ya hati ya kusafiria ya mkimbizi, na nyongeza yake inaitaka nchi iliyoitoa impokee tena mwenye hati muda wote haijaisha. Kurudi kumeandikwa humo.

Vijana hawakuifuta Argelès. Wameipa siku moja zaidi: asubuhi makumbusho ya kambi ya Wahispania, mchana kuogelea. Mabishano yaliyobaki ni ya chakula. Wawili wanataka mgahawa wa nyota moja, hata kama watakula mara moja tu safari nzima. Wengine wanasema hiyo hela inunue mkate na jibini za siku nne.